Nguvu za Uzeeni

Nguvu ni mali ya ajabu. Mwenye fedha huzihesabu, mwenye ng'ombe huwajua kwa rangi na pembe, na mwenye shamba huipima mipaka yake kwa hatua; lakini mwenye nguvu hajui hesabu ya nguvu zake mpaka siku zinapomwondokea. Kijana huinuka kitandani pasipo kufikiri. Mzee huinuka kwa shauri: hushika ukingo wa kitanda, huvuta pumzi, huliuliza goti la kuume kama li tayari, na la kushoto kama litakubali. Kati ya kuinuka pasipo kufikiri na kuinuka kwa shauri kuna safari ndefu ya miaka, na watu wengi hudhani kuwa katika safari hiyo msafiri ni mmoja tu, naye ni uzee. Lakini yuko msafiri wa pili ambaye mara nyingi hufuatana na uzee kimya kimya, akauongezea mzigo mwenzake. Jina lake ni kisukari.

Kiswahili kina neno moja, msuli, ambalo hutaja vitu viwili: nguo ajifungayo mwanamume kiunoni, na mnofu wa mwili ambao hujikaza na kulegea. Wanafunzi wa vyuo wameongeza maana ya tatu, kwa kuwa husema wanapiga msuli wanapokesha wakisoma. Maana zote tatu zina undugu. Nguo husitiri utu wa mtu mbele ya watu. Mnofu nao husitiri utu wake, maana mtu asiyeweza kujiinua, kujiosha wala kwenda chooni peke yake huona haya kama aliyevuliwa nguo. Na wanafunzi wanajua kwa akili lile ambalo mwili unalijua kwa maumbile: kisichotumiwa hudhoofika.

Mji wa Dodoma umekaa juu ya uwanda ulioinuka kadiri ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua zake hunyesha baina ya Desemba na Aprili, nazo ni haba, kiasi cha milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka. Miezi iliyosalia ni ya jua, upepo na vumbi, na mibuyu husimama uchi kama wazee waliokataa kuhama. Katika nchi ya namna hii Wagogo walijenga tembe, nyumba za paa la bapa lililokandikwa udongo. Wakalima mtama na uwele. Wakachunga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nchi haikumpa mtu kitu bila ya kumdai jasho. Mwanamke aliamkia kinu na mchi, akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, kisha akashika njia ya maji. Na mto ulipokauka, alichimba mchanga wake mpaka maji yakatokea. Mwanamume alifuata ng'ombe kutwa nzima, akakata miti, akajenga na kubomoa mazizi. Hata furaha ilidai miguu: wanawake wa Kigogo wapigapo ngoma zao za muheme huzibana baina ya mapaja, nao hupiga, huimba na kucheza kwa pamoja.

Hakuna aliyeyaita mambo hayo mazoezi. Yalikuwa maisha. Mtu alichuchumaa chooni, akaketi chini penye chakula, akainama kupita mlangoni, akapiga magoti katika ibada, akainuka tena mara nyingi tangu alfajiri hadi usiku. Mithali husema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mithali hiyo hutumika kwa subira na unyenyekevu, lakini inayo maana ya mwili vilevile: ainamaye hana budi awe na nguvu za kuinuka, ama sivyo atabaki mvunguni na kitu chake mkononi.

Jambo la pili ambalo nchi hii imewafundisha watu wake ni kuusoma mwili kwa macho ya njaa. Nyanda za kati zimeona njaa nyingi, na ile iliyokumbukwa kwa jina la Mtunya, iliyodumu baina ya 1917 na 1920 baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume, iliacha kovu katika masimulizi ya Ugogo. Mahali penye kumbukumbu kama hiyo, wembamba si umbo tu, ni habari. Mtu akikonda, jirani huuliza kimoyomoyo: amekosa chakula, amepata maradhi ya aibu, au ametupiwa jicho? Na mtu akinenepa, jirani husema amepata. Macho ya namna hiyo yaliwafaa watu katika miaka ya ukame, lakini mbele ya kisukari yanaweza kudanganyika mara mbili. Humwona mgonjwa aliyekonda wakamdhania ana njaa, wakampa uji mtamu. Humwona mwenye tumbo kubwa wakamdhania ana nguvu, ilhali miguu yake imekwisha kuwa mitupu ndani ya suruali.

Zamani kisukari kilikuwa mgeni adimu mashambani. Mwaka 1989 jarida la madaktari la Uingereza lilichapa uchunguzi uliofanywa na Profesa Donald McLarty na wenzake katika vijiji 6 vya Tanzania. Kwa kila watu wazima 100 walimkuta mmoja hivi mwenye maradhi hayo. Mwaka 2012 ulifanywa uchunguzi mwingine wa taifa, wa mijini na mashambani pamoja, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, nao ulikuta watu 9 hivi katika kila 100. Hesabu hizi mbili hazikupimwa kwa njia moja wala mahali pamoja, kwa hiyo haifai kuziweka katika mizani moja kama kwamba ni mafungu mawili ya mtama. Hata hivyo mwelekeo wake hauna fumbo. Mgeni amekuwa mwenyeji.

Dodoma yenyewe imegeuka. Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi. Mwaka 2016 uamuzi huo ulitiwa nguvu mpya na serikali ikaanza kuhamia kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 katika mkoa. Ile ya 2022 ilihesabu 3,085,625. Barabara zimepanuka, bomba za maji zimefika nyumba nyingi, mashine zinasaga unga, na bodaboda humchukua mtu kutoka mlangoni pake mpaka mlango wa duka. Haya ni mema, wala hapana mwenye akili atakayemtakia mama yake arudi kwenye jiwe la kusagia. Lakini kila chema huja na hesabu yake. Mwili uliokuwa ukidaiwa nguvu kila saa sasa haudaiwi. Na pamoja na kupunguziwa deni la jasho, umeongezewa chai ya sukari, mkate mweupe, chipsi na soda.

Ili kufahamu jinsi sukari na mnofu vinavyohusiana, yafaa mwili ufikiriwe kama kaya ya mkulima wakati wa mavuno. Chakula kikisha kusagwa tumboni, sehemu yake kubwa huwa sukari, nayo huingia katika damu kama magunia yafikayo uani. Magunia hayatakiwi kubaki uani. Sharti yaingizwe ghalani. Ghala kubwa kuliko yote mwilini ni misuli, hasa misuli ya mapaja na makalio. Msimamizi wa ghala ni insulini, maji yatokayo katika kongosho, ambayo hufungua milango ili sukari iingie. Katika kisukari cha uzeeni, ambacho ndicho aina ya pili, milango ya ghala hushupaa, msimamizi hupiga hodi isiitikiwe, na mwishoni msimamizi mwenyewe huchoka. Magunia hurundikana uani, yakaoza na kuharibu kila kitu: mishipa ya macho, figo, moyo na neva za miguu.

Lakini insulini ina kazi ya pili isiyosemwa sana. Pamoja na kufungua milango, huzuia ghala lenyewe lisibomolewe. Mwili hujenga na kubomoa mnofu wake kila siku, kama mwenye tembe atiaye udongo mpya juu ya paa kila mvua zikaribiapo. Insulini hupunguza kubomoa. Inapokosekana, au inapokuwapo isisikilizwe, matofali huondolewa upesi kuliko yanavyorudishwa. Tabibu Aretaeus wa Kapadokia, aliyeishi zaidi ya miaka 1,700 iliyopita, alikwisha kuliona jambo hili kwa macho matupu, akakieleza kisukari kuwa ni kuyeyuka kwa nyama ya mwili na viungo na kutoka kwa njia ya mkojo. Kabla ya kugunduliwa insulini mjini Toronto mwaka 1921, watoto na vijana wenye kisukari walikufa wakiwa mifupa na ngozi. Wazee wa leo hawayeyuki kwa haraka hiyo. Wao huyeyuka polepole, na upole huo ndio udanganyifu wake.

Ndipo huzuka duara baya. Ghala likipungua, nafasi ya kuwekea sukari hupungua. Sukari ikizidi uani, ghala huzidi kubomoka. Neva za miguu zikiharibika, misuli haipati amri sawasawa, na nyayo hazijui ardhi ilipo. Mafuta hujipenyeza baina ya nyuzi za mnofu, hata paja likaonekana nene na huku nguvu zimetoka. Mzee akihisi udhaifu, huketi, akiketi, hudhoofika, akidhoofika, huketi zaidi. Duara hili halina mlango unaoonekana, lakini linao, na utatajwa.

Mwaka 1988 mtaalamu wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza jina la kuuita upungufu wa mnofu wa uzeeni: sarkopenia, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya ufukara wa nyama ya mwili. Jina hilo ni zuri, maana huonyesha kuwa kuna utajiri mwingine usiowekwa benki. Kisha baina ya 2006 na 2007 zilichapwa habari za wazee wa miji ya Pittsburgh na Memphis, wenye umri wa miaka 70 hadi 79, waliopimwa kwa miaka. Wale wenye kisukari hawakuwa na mnofu mchache mwanzoni. Wanaume miongoni mwao hata walikuwa na mnofu mwingi zaidi kuliko wenzao. Lakini kila kilo ya mnofu wao ilizaa nguvu chache. Walioishi na maradhi kwa miaka mingi, na wale ambao sukari yao haikutawaliwa vema, walikuwa na hali mbaya zaidi. Na miaka 3 ilipopita, miguu ya wenye kisukari ilikuwa imepoteza nguvu upesi kuliko ya wenzao. Maana ya habari hii ni kwamba mnofu na nguvu ni ndugu, si pacha. Mtu aweza kuwa na ghala kubwa lenye kuta zilizooza.

Na afikiriwe sasa mzee mmoja wa viunga vya Dodoma, ambaye mfano wake si mgeni kwa mtu aliyewahi kukaa katika mji huo. Ana umri wa miaka 68. Ujanani alibeba mizigo katika stesheni ya reli, kisha akalima zabibu na mtama. Ana kisukari kwa mwaka wa tisa. Watoto wake wamesoma; mmoja ana kazi ya serikali, naye amemjengea babaye nyumba ya matofali yenye bomba uani. Siku moja mwana huyo alimkuta mzee shambani ameshika jembe. Alilichukua kwa adabu kutoka mikononi mwake, akasema, "Baba, umefanya kazi ya kutosha. Zamu yetu sasa. Wewe keti." Mzee aliona fahari kuu. Akajibu, "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie." Kikaletwa kiti chenye mikono, kikawekwa chini ya mwarobaini, na tangu siku hiyo maji aliletewa, chakula aliletewa, redio aliletewa. Kila jirani aliyepita alimsifu kijana kwa kumtunza mzazi.

Ikapita miaka 2. Kila alipokwenda kliniki, mzee alipimwa damu, akapimwa shinikizo la moyo, akapandishwa juu ya mizani. Mizani ilisema kilo zile zile, na kila mtu akaridhika. Lakini mizani haina macho. Haikuona kuwa tumbo lilikuwa likiongezeka kwa kadiri ile ile ambayo mapaja yalikuwa yakipungua. Mkewe ndiye aliyeona, kwa kuwa ndiye aliyefua suruali na kutoboa tundu jipya la mkanda chini ya kitambi. Kisha usiku mmoja mzee alianguka akienda chooni. Hakuvunjika. Watoto wakasema ni giza, wakanunua taa.

Siku iliyofumbua macho yao ilikuwa siku ya posa ya mjukuu. Wageni waliingia uani, wazee kwa wazee, na salamu ya mbukwenyi ikaanza kupita. Adabu ilimtaka mwenye nyumba ainuke kuwapokea. Mzee alishika mikono ya kiti, akasukuma, akarudi chini. Akasukuma tena. Mara ya tatu mwanawe alimkamata kwapani akamnyanyua mbele ya wageni kama ainuliwavyo mtoto. Hakuna aliyecheka, watu walitazama kando kwa heshima. Wageni walipokwisha ondoka, mzee alisema neno moja tu: "Mlininyang'anya jembe, mkadhani mnaninyang'anya taabu."

Katika neno hilo limo shauri zima. Mwana hakutenda ubaya. Alitenda kama desturi inavyosifu, na kama vitabu vya adabu vinavyofundisha: mtoto mwema humpumzisha mzazi wake. Lakini pumziko ni dawa kwa mchovu, na kwa mwenye kisukari aliye mzee pumziko lisilo na mpaka ni maradhi ya pili. Jembe lililoondolewa lilikuwa limeshika mlango wa ghala. Kila pigo lake lilikuwa limeingiza sukari katika misuli, maana msuli ufanyao kazi una njia yake ya kupokea sukari hata insulini isiposikilizwa. Hii ndiyo ile njia ya kutoka katika duara: mlango ambao insulini imeshindwa kuufungua, kazi huufungua.

Atatokea mtu wa kusema kuwa uzee ni uzee, na mti ukauke hauchipui. Neno hilo lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba kila mtu hupungukiwa na mnofu akizeeka, na nguvu hupungua upesi kuliko mnofu wenyewe. Lakini mwaka 1990 zilichapwa habari za kikundi kidogo cha wakazi wa nyumba ya wazee huko Boston, watu wa miaka 90 kwa wastani, waliofundishwa kuinua uzito kwa miguu kwa muda wa wiki 8. Nguvu za mapaja yao zilizidi mara mbili ya zilivyokuwa. Na mwaka 2002 zilitoka habari nyingine kutoka mji huo huo, za wazee wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliokuwa na kisukari, ambao walifanya kazi ya uzito kwa wiki 16: kipimo chao cha sukari ya miezi kilishuka kutoka asilimia 8.7 hadi 7.6, na wengi wao walipunguziwa dawa. Mti huo ulikuwa haujakauka. Ulikuwa umekosa mvua.

Hata hivyo ni vibaya kugeuza jambo hili kuwa wimbo wa kusifu taabu za kale. Kazi ya jiwe la kusagia haikuchaguliwa na wanawake walioifanya. Iliwachosha, ikawaumiza magoti na migongo, na wengine iliwazeesha kabla ya wakati. Tena kazi nzito pamoja na njaa haijengi msuli, huula. Yapo mashamba leo katika Bahi, Chamwino na Kongwa ambako bibi wa miaka 70 bado analima kwa kuwa hana wa kumlimia, na kumwambia huyo afanye mazoezi ni dhihaka. Haja yake ni chakula, dawa na nafasi ya kulala. Kwa hiyo shauri si kwamba wazee wafanye kazi zaidi. Shauri ni kwamba kazi ya mwili iwe na kipimo kama dawa: si ya kuua, wala si ya kukosekana.

Chakula nacho kinahitaji kusemwa kwa uwazi, maana hapo pana kosa lililoenea. Mgonjwa akisha kuambiwa ana kisukari, aghalabu husikia kwa majirani kuwa ugali wa sembe ni sumu na ugali wa mtama, uwele au dona ni dawa. Basi hula sahani iliyojaa ugali wa mtama kwa mlenda asubuhi na jioni, akiamini kuwa yu salama. Nafaka isiyokobolewa ni bora kweli, kwa kuwa ina nyuzi nyingi na sukari yake huingia polepole katika damu. Lakini ni wanga, na wanga mwingi ni sukari nyingi. Wengine hukosea upande wa pili: huacha kula, wakafurahi kilo zikipungua, wasijue kuwa sehemu ya kilo hizo ni mnofu wa miguu yao.

Mjenzi wa mnofu ni protini. Wataalamu waliokutana juu ya lishe ya wazee walishauri mwaka 2013 kuwa mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mzee wa kilo 60 atahitaji gramu 60 hadi 72. Mwenye figo zilizoharibika sana hana budi apate shauri la daktari wake kwanza, maana kwake protini nyingi yaweza kudhuru. Nyanda za kati hazikunyimwa protini. Zina kunde, choroko, njugu mawe na karanga; zina maziwa, mayai na kuku wa kienyeji; na dagaa huja kutoka maziwa makuu. Lakini katika nyumba nyingi kipande cha nyama huenda kwa mwenye kazi, yai huenda kwa mtoto, na mzee husema kwa upole kuwa yeye mchuzi unamtosha. Upole huo huhesabiwa kuwa busara. Mwili wake hauuhesabu hivyo.

Kipimo cha nguvu hakina gharama. Wataalamu wa Ulaya katika maafikiano yao yaliyochapwa mwaka 2019 walitaja njia iwezayo kutumika hata penye mwarobaini: mzee aketi juu ya kiti kisicho na haja ya kushikwa, akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara 5 mfululizo. Zikipita sekunde 15, ni dalili kwamba nguvu zimepungua. Saa ya mkononi yatosha. Dodoma haikosi watu wa kulifanya. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 2007, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo karibu na chuo, ilianza kazi mwaka 2015. Mvumi ina hospitali ya misheni ya siku nyingi. Laiti kila kliniki ya kisukari ingeongeza sekunde hizo 15 baada ya mizani, wazee wengi wangegunduliwa kabla ya kuanguka, si baada yake.

Na dawa yake haihitaji mashine. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 lilishauri wazee wajenge misuli siku 2 au zaidi kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujimudu wasianguke siku 3 na kutembea kwa kadiri. Kuinuka kitini mara 10, kupumzika, na kurudia. Kusukuma ukuta kwa viganja. Kuinua dumu la lita 5 za maji, ambalo ni kilo 5 kamili. Kusimama kwa vidole huku meza imeshikwa. Tahadhari zake ni chache lakini hazina mzaha. Anayetumia insulini au vidonge vyenye kushusha sana sukari asianze na tumbo tupu, awe na kitu kitamu karibu, na amwarifu mganga wake. Mwenye macho yaliyoharibiwa na kisukari asiinue vizito kabla ya kuruhusiwa. Asiyehisi nyayo zake avae viatu vilivyofungika, achungulie miguu yake kila jioni, maana mwiba wa nchi hii huingia pasipo kuomba ruhusa.

Mzee aliyetajwa alipimwa na mganga wa viungo akatumia sekunde 22. Miezi 4 baadaye alitumia 16. Hakurudia ujana, wala kisukari hakikumtoka. Bado hutumia dawa zake, na jembe kubwa limebaki kwa vijana. Lakini amerudishiwa mistari miwili ya mizabibu aipalilie kwa jembe dogo asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na kile kiti chenye mikono kimetolewa. Mahali pake pana kigoda ambacho humlazimu kutumia mapaja yake. Mwanawe aliona tabu kwanza majirani walipouliza kwa nini amemrudisha mzee kazini. Aliwajibu kuwa hakumrudisha kazini, bali amemrudishia miguu yake.

Heshima ya wazee ni nguzo mojawapo ya utu wa Afrika, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitia katika maandishi ya serikali. Lakini nguzo huchimbiwa mahali inapobeba paa. Kumheshimu mzee kwa kumtenga na kila tendo ni kumheshimu kama sanamu, na sanamu haina goti. Mzee mwenye kisukari anastahili kupewa dawa kwa wakati, chakula chenye kujenga, na mtu wa kumsikiliza. Anastahili pia kuachiwa sehemu ya taabu yake, ile iliyo sawa na uwezo wake, kama haki na si kama adhabu. Mtoto amwonapo mzazi wake akihangaika kuinuka, huruma humwambia anyoshe mkono upesi. Mara nyingine mapenzi makubwa zaidi ni kusimama karibu, mkono ukiwa tayari, na kungoja mpaka mzee ainuke mwenyewe.